Vichupa kwa Dada Pua

9 Januari

Kwako Dada,

Salamu tele, na zile za mama mpe mapema kabla hajakupokonya bahasha. Mimi mzima, isipokuwa miguu. Hoteli hii ina ngazi mia moja na nne kutoka stoo ya chini hadi ukumbi wa kulia, nimezihesabu mwenyewe, na kila siku nazipanda kama mtu anayefukuzwa. Goti la mama limepoa? Na yule paka aliyehamia kwenu bila kukaribishwa, bado yupo?

Utasema simu ipo, barua ya nini. Nikipiga simu mama anakaa bega kwa bega na wewe, anasikia mpaka ninavyovuta pumzi. Hili ni letu wawili tu, ndiyo maana nimetumia anwani ya kazini kwako.

Nimehamishwa, Dada. Sibebi tena mizigo ya wageni. Tangu mwezi uliopita niko kitengo cha mvinyo. Haya, kaa chini kwanza. Sijasahau siku ile tuliyotoka kumzika baba, mama akatukalisha ukingoni mwa kitanda chake, wewe kulia mimi kushoto, akatuapisha kwamba kilichommaliza baba hakitapita midomoni mwetu, hata tone. Sijavunja. Watu wa mvinyo hawanywi wakiwa kazini. Wanazungusha mdomoni, wanatema kwenye ndoo, wanaandika. Mimi natema tu.

Mwezi wa sita kuna mtihani. Nikifaulu napewa beji na kazi ya kudumu. Nikishindwa narudi kwenye masanduku, na mgongo wangu nao una maoni yake. Nadharia nimeimeza yote: zabibu za Shiraz, za Merlo, za Shadone, udongo gani unazifaa, pipa la mbao linafanya nini. Tatizo ni pua. Yangu ni ya mapambo tu. Lakini wewe! Wewe ulikuwa unakaa chumbani unatuambia jirani wa tatu kaunguza nini. Hatukukuita Pua bure.

Humu kuna vichupa sita vya mvinyo, vina namba. Ninusie. Kunusa tu, hujavunja chochote. Andika kila kinachokujia kichwani, hata kama ni upuuzi, nipate kulinganisha na ninachoonja mimi. Tafadhali, Dada. Nimechoka kuwa mtu wa kubeba.

Ni mimi, mdogo wako mwenye kiherehere.


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na kifurushi pia, kikiwa kimelowa kona moja. Ofisi nzima ya dawa ilinuka, nikawaambia ni dawa ya kikohozi imepasuka. Umeanza mwaka kwa kunifanya mwongo. Goti la mama linauma akikumbuka kwamba linauma. Paka ana watoto wanne sasa, kwenye kabati la shuka.

Sikutaka. Nilivifungia vile vichupa kwenye droo siku tisa, na kila nikipita naitazama ile droo. Siku ya kumi, saa ya chakula cha mchana, wenzangu wametoka, nikaingia stoo ya nyuma nikajifungia. Nimenusa tu. Haya, chukua.

Namba moja: nyasi zilizokatwa sasa hivi, na ganda la ndimu ukilibana kwa kucha. Namba mbili: siagi inayeyuka kwenye sufuria, haijaungua, na meza mpya ya fundi seremala. Namba tatu: pilipili manga na mkoba wa ngozi uliofunguliwa dukani kwa mara ya kwanza. Namba nne: udongo uliomwagiwa maji, uyoga, ua lililoanza kunyauka kwenye glasi. Namba tano usinicheke: petroli. Petroli kabisa, halafu nyuma yake tofaa bichi. Namba sita: boksi la karatasi lililolowa likasahaulika chini ya kitanda. Hicho kimeharibika, usimpe mtu.

Na wewe namba tatu umeionaje? Nilipokuonjesha kitu utotoni ulikuwa unasema kabla hujameza. Safari hii umeniandikia kurasa mbili za udongo na mapipa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema ilikuwa tamu au chungu.

Jibu hilo. Mama anakusalimu, anadhani bado uko kwenye mizigo.

Dada yako.


19 Februari

Dada Pua, Dada wangu, malkia wa pua zote!

Shikamoo mara mbili, moja yako na moja ya hiyo pua. Hongereni kwa watoto wa paka. Huku mvua haikatiki, soksi zangu zinakauka kwenye bomba la jikoni, na mpishi ameshanitishia nazo.

Sikiliza. Nilisoma maneno yako kwa mkuu wa mvinyo, yule tunayemwita Bwana Kizibo. Huwa hatazami mtu usoni, anatazama glasi. Nilipofika kwenye petroli akainua kichwa. "Nani kakufundisha hilo?" Kumbe hiyo ni Rislingi, mvinyo mweupe, iliyokaa miaka, na kweli hunuka petroli, na wenye pua nzuri ndio hulisema bila aibu! Nilipofika kwenye boksi lililolowa akapiga meza. Namba sita ilikuwa mtego: kizibo kibovu kimeiharibu, na nusu ya darasa letu waliisifu. Sasa ananiita kwa jina langu. Zamani nilikuwa "wewe wa kona".

Maneno yako manne wameyaweka kwenye orodha ya mvinyo ya wageni. Yamechapwa, Dada! Watu wanakaa mezani wanasoma mambo ya mkoba wa ngozi.

Nimekutumia vingine, kuanzia namba saba hadi kumi na mbili. Ila safari hii pua haitoshi, na hapa ndipo naomba usinikasirikie. Kuna vitu vinakaa ulimini tu. Kuna uchachu, unaojulikana kwa mate yanavyojaa pembeni. Kuna tanini, ule ukakasi unaobana ufizi kama chai iliyosahaulika jikoni. Kuna mvinyo mkavu, maana yake hauna utamu, na mvinyo mtamu. Kuna mkia, yaani ladha inabaki kwa muda gani ukishatema. Kwa hiyo weka kidogo mdomoni, zungusha, tema. Hapo hujanywa. Ni kama kusukutua.

Usiponisaidia sasa nitaumbuka mbele ya Bwana Kizibo. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unifanyie hesabu.

Mdogo wako, sasa ana jina.


27 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa, najua. Umetuma kadi mbili za kunihimiza, na ya pili haikuwa na salamu hata kidogo. Mama hajambo. Watoto wa paka wamegawiwa, kabakia mmoja. Kazini tumepungua, dirisha la dawa nalisimamia peke yangu tangu asubuhi, foleni inafika kwenye geti.

Nimefanya ulichoniomba. Nimeweka mdomoni.

Saba: mwepesi, unapita kama maji yaliyowahi kukaa na matunda. Nane: mtamu, asali na fenesi, mkia mrefu. Tisa: mzito, mweusi, unabana ufizi, na ukishabana unaacha kitu cha joto hapa kifuani. Kumi: matunda yaliyopikwa na sukari. Kumi na moja: mkavu kabisa, mchachu, mate yanatoka yenyewe, unakunja uso. Kumi na mbili: sina la kusema, nilikuwa nimechoka.

Mama aliniuliza kwa nini siku hizi nachelewa kurudi. Nikamwambia foleni. Alininusa nilipopita. Wewe hujui mama anavyonusa. Hii pua sikuiokota barabarani.

Bado hujanijibu umeionaje ile namba tatu. Nimekuuliza Februari, sasa Machi inaisha. Kila ukiandika unanipa rangi, pipa, udongo na Bwana Kizibo. Mdogo wangu, unaonja kweli?

Usitume vingine.

Dada.


11 Aprili

Dada,

Mama apokee salamu. Nawe pia, ingawa nimekasirika na sitajifanya sijakasirika.

Umekosea namba! Wewe, mtoa dawa, ambaye hata chumvi ya nyumbani unaiandikia lebo! Jumamosi ukumbi umejaa, Bwana Kizibo ananipa meza yangu ya kwanza peke yangu. Watu wanne. Bwana mmoja anataka mvinyo mtamu kwa mke wake, leo ni siku yao. Nikafungua namba nane kwa madaha yote, nikamwambia, "Mama, huu ni asali na fenesi, mkia wake mrefu." Maneno yako neno kwa neno. Yule mama akanywa, uso ukajikunja mpaka kope zikapotea. Mkavu! Mkavu, mchachu, ndimu tupu! Mumewe akadhani namtania. Meza ya jirani wakacheka. Ile tamu ilikuwa namba kumi na moja.

Bwana Kizibo alikuja akaomba radhi kwa niaba yangu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikiomba sakafu inimeze. Tangu siku hiyo amerudi kutazama glasi.

Nakuuliza, ilikuwaje? Uliandika kwa haraka? Umebakiza wiki chache tu za kuniokoa. Nimetuma vichupa sita zaidi, ingawa ulikataa. Safari hii kuwa makini, Dada. Kazi yangu yote imo humo.

Mdogo wako.


3 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Basi, salamu zimeisha.

Sikukosea. Maelezo ya nane na ya kumi na moja niliyabadilisha kwa makusudi. Niliketi hapa stoo nikasema: kama amewahi kuweka tone moja tu mdomoni, ataona mara moja, ataandika, "Dada, umelewa nini, nane ni ndimu." Mtoto mdogo angejua. Nilijua utaona kabla hujafika mezani kwa mtu, na nikakosa usingizi nikiombea unikaripie. Ningejua itakufikisha mbele ya yule mama nisingefanya. Hilo naomba radhi. La kukujaribu siombi.

Hujawahi kuonja. Hata mara moja. Hiyo ndoo yako ya kutemea sijui kama umewahi hata kuiinamia.

Kwa nini hukuniambia? Ningekuambia acha kazi, ningekuambia nenda kamweleze mkuu wako, ningekuambia lolote. Lakini wewe ulikaa huko na kiapo chako kisafi, ukachukua kile unachokiogopa kuliko vyote ukakifunga kwenye pamba, ukakitia stempu, ukaniletea mimi. Umetunza kiapo chako kwa mdomo wangu.

Sasa nikuambie namba tisa. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha stoo, bakuli la kutemea liko mapajani. Nikazungusha kama ulivyonielekeza. Halafu nikameza. Sikuamua, mdogo wangu. Koo liliamua. Na lile joto lilipofika hapa kifuani nilijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu baada ya safari. Miaka yote hii sikujua kwamba nimechoka kiasi hicho. Ile namba kumi na mbili sikuielezea kwa sababu sikuionja, niliinywa.

Kisha nikavimaliza vyote. Kisha nikaenda duka la mitaa miwili kutoka hapa, ambako hawanijui, nikanunua chupa nzima. Nikaimaliza kwa siku mbili. Nikanunua nyingine.

Nimeacha. Usianze kuhangaika. Wiki iliyopita niliandika vijiko vitatu kwenye lebo ya dawa ya mtoto badala ya kimoja, mwenzangu akaiona kabla haijatoka dirishani. Ndiyo nikaacha. Vichupa vyako vya mwisho vimefika, sijui nimeviweka wapi. Nimeacha kabisa, na mama hajui kitu. Narudia ili usipate tabu: nimeacha.

Fanya mtihani wako. Ila usiufanye kwa ulimi wangu.

Dada.


24 Mei

Dada yangu,

Barua hii inakuja kwa basi la haraka, nimemwomba kondakta aipeleke mwenyewe kwenye dirisha lako. Nimeanza kurasa tano nikazichana. Mwenzangu wa chumbani amenihamishia kitanda karibu na mlango, anasema nikizunguka tena atanitupa nje, na niko karibu na njia.

Ni kweli. Miezi sita kwenye mvinyo na hakuna tone lililonigusa. Wenzangu wakiinamia ndoo mimi nainama nao, nakohoa kidogo, nafuta midomo. Siku ile ya aibu, wageni walipoondoka, Bwana Kizibo alinimiminia namba nane mbele ya kila mtu akasema, "Onja, uniambie." Nikasema tumbo linauma. Hilo sikukuandikia. Nilikuandikia matusi badala yake.

Nitakuambia kwa nini, na ukinichukia ni haki yako. Tangu nikiwa mdogo naambiwa mimi ni baba mtupu. Ninavyotembea, ninavyocheka, hizi nyusi, hata kikohozi. Mama akinikasirikia hawezi kunitazama usoni, umeliona. Basi nilijua. Nilijua kama ninavyojua kiganja changu kwamba kile kitu kimelala ndani yangu, kinasubiri tone moja kiamke. Na wewe ni mama mtupu. Kila mtu anasema. Nilipokuwa nafunga vile vichupa nilisema, Dada hana shida, Dada kamfuata mama, kwake haya ni maji. Sikufikiri mara mbili. Wallahi, sikufikiri hata mara moja.

Jana nimemweleza Bwana Kizibo yote, kuanzia pua mpaka fenesi. Akapanga glasi tatu. Hakunilazimisha. Alisema, "Ukitaka kuondoka, ondoka. Ukitaka kujua, jua." Ilikuwa saa nane mchana, jua liko mezani. Nilikamata ya kwanza kama mtu anayekamata waya wa umeme. Nikaweka mdomoni, Dada. Nikaweka ya pili. Ya tatu nikaimeza, kusudi, nijue moja kwa moja.

Hakuna kitu.

Uchachu. Ukakasi. Maji ya zabibu yaliyokaa. Nilisimama pale nasubiri kiamke, nasubiri lile joto uliloniandikia, nasubiri baba. Bwana Kizibo akaniuliza nasikia nini, nikamwambia kwa kweli nina hamu ya chai. Nilirudi kazini nikapanga viti. Ilipofika jioni nilikuwa nimesahau kama nimekunywa, mpaka nilipofungua barua yako kuisoma tena ndipo nikalia, na sikulia kwa furaha.

Mimi nimebeba sura yake tu. Nilipokuwa nakimbia nisikutane naye, nilimtuma kwako.

Nimesoma ukurasa wako wa mwisho mpaka umechakaa. Umeandika "nimeacha" mara tatu. Na vichupa sita hujui umeviweka wapi, wewe ambaye huwezi kupoteza hata pini. Baba alikuwa akituambia ameacha kila Jumatatu, na mimi nilikuwa namwamini, na wewe ulikuwa unanitazama unatikisa kichwa. Safari hii mimi ndiye ninayetikisa, na kinaniuma kila kikitikisika.

Zungumza na yule mwenzako aliyeiona ile lebo, mwambie ukweli kidogo tu, kwamba asikuache na lebo peke yako mpaka nifike. Mama tutamwambia wote wawili, tukiwa tumekaa.

Mtihani ni Jumamosi, tarehe saba mwezi ujao, saa nne asubuhi. Basi langu linatoka Ijumaa, siku moja kabla yake, ndiyo ruhusa ya mapema niliyopata. Bwana Kizibo amesema nikiukosa mtihani, nafasi inakwenda kwa mwingine, nikamwambia sawa, akanipa mkono. Usipike, usifagie, usijipange. Nifungulie tu mlango, hata kama siku hiyo ni ile ambayo hutaki nikuone.

Mdogo wako.